Kijana mrefu, mwanamichezo, na uzito unaokukosesha usingizi: mwongozo kwa mzazi

Maswali haya huja kwa sura mbili. Ya kwanza: "Mwanangu ana miaka 15, ameshampita baba yake kwa urefu, anakula sahani mbili mbili, lakini mbavu zinahesabika. Ana nini?" Ya pili: "Binti yangu ana miaka 16, anacheza mpira wa wavu, mwili umejengeka, halafu amepimwa akaambiwa BMI yake iko juu, apunguze. Apunguze wapi?" (BMI ni namba inayolinganisha uzito na urefu.)

Wazazi hawa wawili wanahangaikia mambo yanayopingana, ila jibu lao linaanzia mahali pamoja. Namba moja ya mizani, iliyochukuliwa siku moja, haiwezi kukuambia kama kijana ni mzima au ni mgonjwa. Unahitaji kuona namba zimetembeaje kwa miezi kadhaa, kisha uzisome pamoja na jinsi anavyokula, anavyolala na anavyojisikia uwanjani. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kufanya hivyo nyumbani, na ni wakati gani uache kupima uende kwa daktari. Kama tayari una hofu ya jambo zito, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 7.

Umeandikwa kwa ajili ya wazazi wa vijana wa kama miaka 12 hadi 18 wanaofanya mazoezi ya kweli: timu, klabu, riadha, kuogelea, mpira wa kikapu na mingineyo.

Utakavyohitaji

- Mizani ya kusimama, iwekwe kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia inadanganya. Tumia hiyo hiyo kila mara. Mizani mbili za nyumba mbili hazikubaliani.
- Utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani unatosha.
- Ukuta ulionyooka, penseli, na kitabu chenye jalada gumu.
- Daftari moja la kazi hii tu.
- Rekodi zozote za zamani: kadi ya kliniki, vipimo vya shuleni, fomu za klabu, hata zile alama za penseli mlizokuwa mkichora kwenye fremu ya mlango. Hizi zina thamani kuliko kipimo cha leo.
- Chati ya BMI kwa umri ya Shirika la Afya Duniani, ya miaka 5 hadi 19. Kuna ya wavulana na ya wasichana, usichanganye. Inapatikana bure kwenye tovuti ya shirika hilo, na vituo vingi vya afya wanayo.
- Ridhaa ya kijana mwenyewe.

Jambo moja la kujua kabla ya kuanza

Kwenye balehe mwili haukui sehemu zote kwa pamoja. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa karibu miaka 12, wavulana karibu 14, na mvulana aliye kwenye kilele cha kasi hiyo anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Urefu hutangulia. Uzito hufuata miezi kadhaa baadaye, na kwa wavulana misuli na nguvu huchelewa zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi kijana huwa mikono na miguu mitupu, anajikwaa ndani ya nyumba aliyozaliwa, na suruali ya mwezi wa kwanza haifiki kifundoni mwezi wa sita. Kipindi hicho huwatisha sana wazazi, na mara nyingi hakina shida yoyote.

Hiyo inatosha kwa nadharia.

Hatua ya 1: Zungumza naye kabla hujatoa mizani

Vijana wa umri huu wanaishi na maoni ya watu kuhusu miili yao kuanzia asubuhi hadi usiku. Mzazi akitokea na mizani bila maelezo, kijana anasikia jambo moja tu: mwili wangu una kasoro. Anza hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya:

"Mwanangu, mwaka huu umerefuka sana na mazoezi yameongezeka. Nataka kujua kama chakula tunachokupa hapa kinakutosha. Tupime, tuandike, turudie baada ya miezi mitatu. Unaonaje?"

Angalia kwamba mzigo umeuweka kwenye chakula unachompa, hukuuweka kwenye mwili wake. Akisema hataki mizani, usilazimishe. Pima urefu tu, fuatilia nguo na viatu, na uende hatua ya 7 na ya 8.

Kosa la kawaida: majina ya utani. Kibonge, kimbaumbau, mlingoti. Kwetu wakubwa ni utani wa mapenzi, na kijana anacheka ili asionekane ameumia. Yakomeshe nyumbani, na uwaambie shangazi na wajomba faragha kabla ya sherehe ijayo ya familia. Kosa jingine ni kulalamikia mwili wako mwenyewe mbele yake. Mama anayejiita nguruwe kila akijitazama kwenye kioo anafundisha somo hata kama hajamgusa binti yake kwa neno.

Hatua ya 2: Pima urefu kama inavyotakiwa

Makosa mengi ya BMI huanzia hapa, kwa sababu watu hukisia urefu. Kijana wa kilo 58 mwenye sentimita 184 ana BMI ya 17.1. Mwandikie sentimita 181 kwa kukisia, inakuwa 17.7. Hajala wala hajakonda. Penseli tu imekosea.

Pima asubuhi, kwani mtu hupungua karibu sentimita moja kufikia jioni kutokana na uti wa mgongo kubanwa mchana kutwa. Avue viatu, afungue nywele zilizofungwa juu. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, atazame mbele, kidevu kisiinuke. Laza kitabu juu ya kichwa, ukingo wake ukigusa ukuta na kitabu kisiinamie upande wowote, chora alama chini yake, apishe, kisha pima kutoka sakafuni. Kama ameshakupita urefu, panda kiti. Ukipima huku umenyoosha mikono kutoka chini, kitabu kitainama na utampunguzia au kumwongezea. Rudia mara ya pili. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, pima cha tatu.

Hatua ya 3: Pima uzito mara chache

Asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi. Andika tarehe, urefu na uzito kwenye mstari mmoja wa daftari.

Usimpime baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopotea uwanjani ni takriban lita moja ya jasho, na inarudi akinywa maji. Uzito wa mtu mzima wa afya hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku moja bila sababu ya kutisha: chumvi, maji, chakula kilichoko tumboni, siku za hedhi.

Miezi mitatu mara moja inatosha kabisa. Mkimaliza, mizani irudi kabatini. Kijana anayejipima kila asubuhi haongezi ufahamu wowote, anaongeza wasiwasi tu, na kwa baadhi yao hapo ndipo matatizo ya kula yanapoanzia.

Hatua ya 4: Piga hesabu, halafu isome kwenye chati ya umri wake

BMI ni uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuwachukue wale vijana wawili wa mwanzo.

Mvulana, miaka 15, mita 1.84, kilo 58. Zidisha 1.84 kwa 1.84 upate 3.39. Gawanya 58 kwa 3.39: ni 17.1.

Msichana, miaka 16, mita 1.81, kilo 80. Zidisha 1.81 kwa 1.81 upate 3.28. Gawanya 80 kwa 3.28: ni 24.4.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapotea. Wanafungua kikokotoo cha watu wazima, ambacho husema chini ya 18.5 ni uzito pungufu na kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kwa kipimo hicho mvulana wetu amekonda na msichana wetu yuko sawa. Ukienda kwenye chati ya umri wao, mambo yanageuka. Mistari ya chati hiyo ina namba: 0 ni katikati ya vijana wa umri huo, -1 na -2 ni hatua za kushuka chini yake, +1 ni hatua ya kupanda juu yake. Mvulana wa miaka 15 huhesabiwa kuwa amekonda akishuka chini ya mstari wa -2, ambao kwa umri huo uko kwenye 16.0. Wa kwetu ana 17.1: yuko upande wa chini, ila ndani ya eneo la kawaida. Msichana wa miaka 16 huingia eneo la uzito uliozidi akivuka mstari wa +1, ulio karibu na 24.1. Wa kwetu, mwenye 24.4, amevuka kidogo.

Sasa, je, binti huyu amenenepa? Chati haiwezi kukuambia. BMI haijui tofauti ya misuli na mafuta, na misuli ni mizito kuliko mafuta ya ujazo ule ule. Isitoshe, fomula inazidisha urefu kwa urefu tu, yaani pande mbili, ilhali mwili unakua pande zote tatu, hivyo watu warefu sana hupata namba iliyo juu kidogo kuliko wafupi wenye umbo lile lile. Aliyeibuni, Mbelgiji Adolphe Quetelet, aliishi karne ya 19 na alikuwa akitafuta vipimo vya mtu wa wastani katika jamii nzima. Mchezaji wa mpira wa wavu wa sentimita 181 hakuwemo kwenye mawazo yake.

Ichukue BMI kama kengele ya mlangoni. Inakuambia kuna mtu, haikuambii ni nani.

Hatua ya 5: Pima kiuno kama BMI iko juu

Fanya hivi tu kama BMI imevuka mstari wa +1, na kama kijana anakubali. Zungusha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Atoe pumzi kawaida, asivute tumbo ndani. Utepe uguse ngozi bila kuibana.

Gawanya kiuno kwa urefu, vyote kwa sentimita. Chini ya 0.5 ni salama. Binti wa kilo 80 akiwa na kiuno cha sentimita 76, ukigawanya kwa 181 unapata 0.42. Huyo uzito wake uko mapajani, mabegani na kwenye mifupa, mahali anapouhitaji kurukia. Hana cha kupunguza.

Jibu likiwa 0.5 au zaidi, ni jambo la kuzungumza na daktari bila haraka na bila aibu. Mwambie pia kama kijana anakoroma sana usiku au ana ngozi iliyogeuka nyeusi na nene shingoni au kwapani, kwani hiyo ni dalili kwamba mwili unahangaika na sukari. Kuwa mwanamichezo hakumkingi mtu na hayo moja kwa moja.

Hatua ya 6: Chora mwendo

Toa zile rekodi za zamani. Weka nukta kwenye chati: miaka 10, 12, 13, chochote ulicho nacho, hadi leo. Sasa tazama nukta zote kwa pamoja.

Kijana ambaye siku zote ametembea karibu na mstari wa -1, na leo yuko karibu na huo huo, ni mwembamba kwa maumbile. Tazama picha za baba, mama, mjomba wakiwa na umri wake. Mara nyingi utamkuta hapo. Vivyo hivyo kwa yule ambaye tangu utotoni ametembea juu kidogo.

Kinachotakiwa kukushtua ni kubadili njia. Urefu unapanda na uzito umekwama kwa nusu mwaka. Uzito unashuka, hata kilo mbili tatu, kwa kijana ambaye bado anarefuka: umri huu ni wa kuongezeka, kupungua kunahitaji maelezo. Au nukta zinaruka mstari baada ya mstari kwenda juu huku kiuno nacho kikikua. Na hapa kuna mtego ambao hata wataalamu huangukia: msichana aliyekuwa juu ya mstari wa +1 akashuka hadi katikati kwa miezi minne husifiwa na kila mtu. Namba yake ni "nzuri". Lakini ameshushwa na nini? Kama hujui jibu, nenda hatua inayofuata kwa makini.

Hatua ya 7: Angalia dalili ambazo mizani haioni

Mpeleke hospitali leo, usingoje wiki ijayo, kama:

- Ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara, na anapungua. Hiyo inaweza kuwa kisukari cha aina ya kwanza, ambacho hakingoji.
- Amezimia au amepata maumivu ya kifua akiwa katikati ya mazoezi. Asirudi uwanjani hadi moyo uchunguzwe.
- Amekataa kabisa kula au kunywa, au anazungumzia kujidhuru.

Weka miadi ndani ya siku chache kama:

- Anapungua bila kukusudia.
- Ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa au jasho jingi la usiku. Kifua kikuu hakibagui wanamichezo.
- Anaharisha mara kwa mara, au kuna damu chooni.
- Moyo unakwenda mbio akiwa ametulia, mikono inatetemeka, anaona joto wenzake wakiona baridi. Tezi ya shingo inahitaji kupimwa.
- Binti amekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, au ametimiza miaka 15 hajavunja ungo. Makocha wengine huwaambia wasichana kwamba hedhi kukatika ni ishara ya mazoezi mazuri. Si kweli. Ni ishara kwamba mwili umeanza kuzima shughuli kwa kukosa chakula cha kutosha.
- Ana maumivu ya mfupa mahali pamoja yasiyoisha kwa kupumzika, anaugua mafua kila mara, anachoka mapema kuliko zamani, anasikia baridi kila wakati.

Hizi mbili za mwisho zikija pamoja na mazoezi mengi, mara nyingi chanzo ni kimoja: nguvu inayotumika ni nyingi kuliko chakula kinachoingia. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi mwaka 2014, na ikaweka wazi kwamba wavulana nao wanaipata. Usidanganywe na uzito. Kijana mwenye uzito wa kawaida kabisa anaweza kuwa nayo.

Kuna dalili za tabia pia. Anaenda chooni kila baada ya kula na kufungulia maji. Ameacha kundi zima la vyakula, eti havimpendi. Anapika kwa furaha, anagawa, hali. Anafanya mazoezi ya siri usiku baada ya yale ya timu. Anavaa nguo kubwa siku za joto. Ukiona mawili matatu, usingoje aonekane amekonda.

Na moja la warefu peke yao. Kijana mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu sana, mikono ambayo akiinyoosha upana wake unazidi urefu wake waziwazi, kifua kilichobonyea au kuchomoza, na macho yenye shida: omba achunguzwe kwa ajili ya ugonjwa wa Marfan. Ni wa nadra, lakini hudhoofisha mshipa mkuu unaotoka moyoni. Flo Hyman, nyota wa mpira wa wavu wa Marekani mwenye sentimita 196, aliyeshinda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya 1984, alianguka na kufariki wakati wa mechi nchini Japani mwaka 1986. Hakuna aliyekuwa amemgundua. Wembamba wa kawaida wa vijana warefu hauna uhusiano na haya, kwa hiyo usipime vidole vya kila mtoto mtaani.

Hatua ya 8: Tazama ratiba kabla ya kutazama sahani

"Anakula sana!" Wazazi wa vijana wembamba husema hivi karibu wote, na wanasema walichokiona. Walichokiona ni sahani ya usiku.

Fuatilia siku moja ya kawaida. Kijana anaamka saa 11 na nusu alfajiri, anaondoka bila kula kwa sababu tumbo halijaamka. Saa 4 anakunywa kitu cha sukari. Saa 7 anakula nusu ya chakula kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na marafiki wanamngoja. Saa 10 hadi saa 12 jioni yuko uwanjani. Saa 1 na nusu usiku anaingia nyumbani, anafagia sufuria, na mzazi anashika kichwa. Mlo mmoja mkubwa umebeba siku nzima ya kijana anayekua na kufanya mazoezi ya saa mbili. Hautoshi. Mwongozo wa lishe wa Marekani unakadiria kalori 3,200 kwa siku kwa mvulana wa miaka 16 hadi 18 mwenye shughuli nyingi, na 2,400 kwa msichana wa rika hilo. Mazoezi mazito ya timu yanaweza kupandisha zaidi. Usianze kuhesabu kalori. Namba hizo ni za kukuonyesha ukubwa wa kazi tu.

Muulize, bila kumhoji kama polisi, jana alikula nini na saa ngapi. Kisha rekebisha kwa mpangilio huu:

1. Kabla ya kutoka asubuhi aingize chochote, hata kidogo. Tumbo linalokataa chakula kigumu alfajiri hukubali maziwa au uji.
2. Mpe cha kubeba. Ale saa moja au mbili kabla ya mazoezi, kitu cha wanga kisicho na mafuta mengi.
3. Ale ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Wanga na protini pamoja. Asingoje hadi afike nyumbani kama safari ni ndefu.
4. Kwa anayehitaji kuongezeka, ongeza uzito wa chakula bila kuongeza ukubwa wa sahani: karanga, maziwa, mayai, mafuta kidogo kwenye mboga.
5. Usisahau madini. Mifupa inajengwa sasa. Kufikia miaka 18 hadi 20 sehemu kubwa ya mfupa wa maisha yake yote imeshakamilika. Maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa na mboga za majani vimo humu. Wasichana waliokwisha kuanza hedhi wanahitaji madini ya chuma zaidi. Nyama, maharage na mboga za kijani zisikose.
6. Alale saa 8 hadi 10. Simu ilale sebuleni. Hili lina ugomvi mwingi kuliko yote matano ya juu, najua.

Kwa anayeambiwa apunguze na kiuno chake kiko juu kweli, bado usimwekee dayati. Kijana anayerefuka akibaki na uzito ule ule huku urefu ukipanda, tayari anajirekebisha. Ondoa vinywaji vya sukari nyumbani kwa wote, familia nzima ile pamoja chakula kile kile, basi. Sahani ya peke yake ya "mlo wa kupunguza" mezani ni adhabu mbele ya wadogo zake.

Virutubisho: unga wa protini hauna kitu ambacho chakula hakina, na kreatini (kirutubisho kinachouzwa cha kuongeza nguvu za misuli) madaktari wa watoto wa Marekani hawaipendekezi kwa walio chini ya miaka 18. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya kopo vyenye kafeini, visiingie nyumbani.

Hatua ya 9: Onana na kocha

Nenda mwenyewe, kabla ya mazoezi, si mbele ya timu. Muulize kama huwa wanapima uzito, kwa nini, na nani anaona namba. Omba mwanao asipimwe hadharani. Kocha mwenye akili atakuelewa mara moja.

Michezo yenye madaraja ya uzito, kama mieleka, ndondi na judo, inahitaji ukali zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha maji ili wafikie uzito, na kanuni zikabadilishwa. Kijana anayekua asishushe uzito kwa ajili ya shindano. Apande daraja.

Yakikwama

*Nimeongeza chakula miezi mitatu, haongezeki.* Tazama urefu kwanza. Kama ameongeza sentimita 3, chakula kimeingia huko. Kama hajarefuka wala kuongezeka, hesabu mazoezi: pengine klabu, shule na uwanja wa mtaani vyote vinamdai. Punguza kimoja. Bado? Daktari, na omba vipimo vya damu, choo na tezi.

*Anasema hana njaa baada ya mazoezi.* Ni kawaida, mazoezi makali huua njaa kwa muda. Mpe cha kunywa: maziwa, au matunda yaliyosagwa na maziwa. Njaa itakuja baadaye yenyewe.

*Ameongeza kilo 6 kwa mwaka, ana miaka 14.* Amerefuka? Ameingia kwenye balehe? Kama ndiyo kwa yote mawili, pongezi. Kiuno ndicho kitakachokuambia kama kuna la ziada.

*Amejeruhiwa, hachezi, na anaogopa kunenepa.* Asipunguze chakula ghafla. Mfupa na misuli vinavyopona vinakula. Apunguze kidogo vile vitafunio vya mazoezini, milo mitatu ibaki.

*Amesikia kocha akisema wepesi ndio wanaoruka juu.* Muulize amepanda au ameshuka kiasi gani kwenye kuruka mwezi huu. Vijana huamini namba za uwanjani kuliko maneno yetu.

*Mzazi mwenzangu hakubaliani nami.* Yamalizeni ninyi wawili chumbani. Kijana akisikia mmoja anasema "kula" na mwingine "acha", atachagua lile linaloumiza.

*Daktari ametazama BMI peke yake, akasema apunguze.* Fungua daftari mezani. Mwonyeshe nukta za miaka mitatu, kipimo cha kiuno na ratiba ya mazoezi ya wiki, kisha sema: "Daktari, naomba tuangalie na hivi kabla hajaanza kupunguza." Uliza kama kuna mtaalamu wa lishe anayeshughulika na wanamichezo vijana. Na mazungumzo hayo yafanywe kijana akiwa amekaa hapo hapo, aulizwe yeye kwanza anajisikiaje.